Mwalimu, Je, Kanisa ni Yanga?

Mwezi huu twataka kuwasimulia jambo la kuchekesha, na ndani yake mna kosa letu wenyewe.

Katika darasa letu la wakatekumeni yumo kijana mmoja mwenye macho mepesi. Siku moja, tulipokwisha kueleza rangi za mavazi ya Misa, aliinua mkono akasema, "Mwalimu, nimehesabu. Dominika zilizo nyingi Padre huvaa kijani. Je, Kanisa ni Yanga?" Darasa zima likaangua kicheko, nasi, tuliopenda Yanga tangu utoto, tulicheka kuliko wote.

Basi maneno yale yakatoka darasani yakaingia katika kwaya. Maana kwaya yetu, kama nyumba nyingi za Tanzania, imegawanyika sehemu mbili: hawa ni wa Yanga, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1935, wenye kijani na njano, na hawa ni wa Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, wenye nyekundu na nyeupe. Mzee mmoja wa sauti ya besi, tuliyebatizwa naye siku moja, ni mtu wa Simba hasa. Alipopata habari za kijana yule alijibu, "Kijani ni rangi ya siku za kawaida, kama ugali na maharagwe. Ikifika sikukuu, Kanisa hufungua kabati letu: Noeli na Pasaka nyeupe, Pentekoste na mashahidi nyekundu." Tukamwambia, "Ijumaa Kuu nayo ni nyekundu. Basi na siku ya majonzi ni yenu." Naye akauliza, "Na njano yenu mmeiona wapi altareni?" Tukataja nyuzi za dhahabu, lakini hata sisi wenyewe hatukusadiki.

Utani wa namna hii ni mwema. Watu husema kwamba Simba na Yanga ni watani wa jadi, na neno hilo limechaguliwa vema. Kwa desturi ya wazee wetu wa makabila mengi, mtani si adui. Hukucheka mbele za watu, hata matangani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ukifiwa, yeye ndiye ashikaye kazi. Utani una nusu mbili, na nusu ya pili ni msaada. Ikipotea nusu hiyo, yabaki matusi tu.

Mfano tunao katika mji wa Glasgow, huko Uskoti. Tarehe 6 Novemba 1887, katika ukumbi wa parokia ya Mtakatifu Maria, Bruda Walfrid, mtu wa Ireland wa shirika la Wamaristi, aliongoza kuanzishwa kwa timu ya Celtic, ili fedha za mchezo ziwalishe watoto maskini wa upande wa mashariki wa mji. Rangi zake ni kijani na nyeupe, basi Yanga na Simba wagawane sifa. Katika mji huohuo ilikuwako Rangers, ya mwaka 1872, iliyokuja kupendwa sana na Waprotestanti. Kazi iliyoanza kwa mkate wa watoto ikazungukwa na uadui: jezi ikawa kama cheti cha dini, na watu wakaumizana kwa ajili yake. Miaka mingi Rangers hawakuandikisha Mkatoliki waziwazi. Walipomchukua Maurice Johnston mwaka 1989, baadhi ya mashabiki wao walichoma skafu zao kwa hasira. Lakini tazameni: Celtic ilipotwaa Kombe la Ulaya mjini Lisbon mwaka 1967, kwa kuifunga Inter Milan mabao 2 kwa 1, mwalimu wa timu hiyo iliyozaliwa parokiani alikuwa Jock Stein, naye ni Mprotestanti!

Walakini tusiwacheke watu wa Glasgow, maana sisi pia tuliteleza. Jumamosi moja Yanga iliifunga Simba. Kesho yake tulifika kanisani mapema, tukatandika jani bichi la mgomba juu ya kiti cha mzee yule. Watu wakacheka. Yeye aliliinua jani, akaliweka chini polepole, akaimba Misa nzima asitutazame. Dominika iliyofuata hakuja, wala ile ya pili yake. Nasi tukasema, "Huyu hajui kushindwa." Hatukwenda kumwuliza.

Kumbe mama yake alikuwa mahututi tangu Ijumaa ile, naye alikuja kanisani kumwombea tu. Majina ya wafungaji wa mabao tuliyajua yote. Habari za ndugu yetu wa benchi moja hatukuzijua.

Mama yule akafariki. Tulisimama njiani kitambo, tukiona haya kuingia katika ua ule. Mwisho tukaenda, tukiwa tumepanga maneno mengi ya kuomba radhi. Mzee akatoka mlangoni, macho yamevimba kwa kulia, akatutazama, akasema, "Mtani, umechelewa. Kaburi halijachimbwa." Kisha akatupa jembe, na mpini wake ulikuwa umepakwa rangi nyekundu. Waliokuwapo wakacheka huku wanalia. Nasi tukalishika jembe lile jekundu, tukachimba. Maneno tuliyoyapanga tuliyasema jioni, tukiwa wawili tu.

Basi tuliporudi darasani tulimjibu yule kijana hivi: Kanisa halina jezi. Kijani chatukumbusha matumaini. Nyekundu, damu ya mashahidi na moto wa Roho Mtakatifu. Nyeupe, furaha ya ufufuko. Jezi huvaliwa na kuvuliwa, bali alama ya ubatizo haifutiki. Tena katika Simba na katika Yanga wamo Wakristo na Waislamu pamoja, kwa hiyo nguo ya mtu haitakuambia anasali wapi. Kijana akafikiri kidogo, akasema, "Nimeelewa, mwalimu. Lakini mbona leo umevaa soksi za kijani?"

Wazazi, na ninyi walimu wenzetu, taniane nyumbani kwenu, wala msiwakataze watoto furaha ya mpira. Ila kabla ya kumcheka ndugu yako aliyeshindwa, mwulize kwanza, "Habari za nyumbani?" na usubiri jibu. Na akikosa kuja kanisani Dominika mbili, usiseme amenuna. Nenda kwake, na ukikuta kazi, ishike.