Kamera ya Bei Chee Niliyonunua Nyegezi Kona, na Kilichokuwemo Ndani Yake

Leo ubuyu ni wangu mwenyewe. Kuna staa atapita humo katikati lakini simtaji, kwa hiyo msijisumbue kunifuata inboksi.

Wa siku nyingi mnajua hii blogu niliianza na simu yenye kioo kilichopasuka. Mimi ni wa kidato cha nne tu, matokeo yalikuwa ya hivyo hivyo, picha nimejifunza YouTube kwa bando la usiku. Kila shughuli nikienda, iwe Malimbe kwa wanachuo au mjini, wenye kamera wanapishwa mbele, mimi na kisimu changu nasukumwa nyuma na mabaunsa. Mwaka jana nikasema basi, imetosha, nanunua kamera. Mpya siiwezi. Nikaanza kuwinda ya mtumba.

Nilikuwa na laki nne. Mbili nilizidunduliza mwenyewe. Mbili alinikopesha mama, na mama yangu anauza dagaa, kwa hiyo hiyo haikuwa hela iliyolala. Ilikuwa hela ya mzigo. Aliniambia, "Mwanangu, hii ikipotea sinunui mzigo mwezi mzima." Nikamwambia asiwe na hofu, mimi sio wa kuchomwa.

Ili nisichomwe nikaenda kwanza mjini kwa kaka mmoja fundi kamera. Alinipa darasa la nusu saa, nawapa na nyie bure.

La kwanza, kamera ni kama pikipiki, ina kilomita zake. Ndani kuna kipazia kinachofunguka na kufunga kila ukibonyeza, mafundi wanakiita shata. Kamera hizi za wanaoanza kwa kawaida hukadiriwa kupiga picha kama laki moja kabla shata haijaanza kuleta maneno. Kwenye Nikon hesabu hiyo imejificha ndani ya kila picha. Unapiga moja, unaipitisha kwenye programu ya kusoma taarifa za picha, inakutajia. Canon nyingi za daraja hilo haziandiki kwenye picha, mpaka uichomeke kwenye kompyuta yenye programu yake. Muuzaji akikuambia "haijatumika sana", hayo ni maneno. Namba ndiyo itakayokuambia.

La pili, mulika tochi ya simu ndani ya lenzi. Ukiona utandu kama wa buibui, huo ni ukungu, na sisi tunaokaa kando ya ziwa na unyevu wetu tunaujua. Ukungu uliozama ndani hautoki kwa kitambaa. La tatu, funga tundu la lenzi mpaka f/22, piga ukuta mweupe au anga, halafu kuza picha. Madoa ni vumbi kwenye sensa. Doa linalobaki hata baada ya kusafishwa ni mkwaruzo, hapo kimbia. La nne, betri isiwe imevimba, na chaja iwepo.

Halafu bei. Fundi akasema, "Dogo, usianze na bei ya muuzaji. Anza na bei ya kamera nzima iliyokamilika, halafu kata kasoro moja moja." Mimi nilikuwa naitaka Nikon D3200. Ni ya mwaka 2012 lakini ina megapikseli 24, inatosha kabisa. Alizoziona yeye zikiuzwa na lenzi yake ya 18-55 na chaja zilikuwa kati ya laki tano na laki sita. Haina chaja, toa elfu thelathini. Lenzi ina ukungu, toa laki. Shata imepita elfu themanini, toa tena laki.

Nikiwa naaga akaongeza kitu ambacho mimi nilikiitikia tu kwa kichwa. "Ukishakata kasoro zote, ukaona bei ya muuzaji bado iko chini sana, jiulize hiyo tofauti inalipia nini."

Wiki moja baadaye jamaa akanicheki baada ya kuona posti yangu. Ana D3200, tukutane Nyegezi Kona. Nikaenda jioni, tukasimama karibu na banda la chipsi. Mtu mpole, amevaa vizuri. Anasema mama yake amelazwa, anatafuta hela ya haraka. Nikampa pole, nikafanya darasa langu lote pale pale. Shata elfu thelathini na nane na kidogo. Lenzi safi. Ukuta wa duka niliupiga f/22, hakuna doa. Betri nzima. Memori kadi ya GB 32 imo ndani, akasema nichukue tu bonasi. Chaja hakuna, boksi hakuna, risiti hakuna. Mkanda wa shingoni ulikuwa umekatwa, vipande viwili vinaning'inia.

Naomba mrudie hapo kwenye mkanda. Mimi nilivyouona nilitoa elfu kumi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: laki tano na nusu, toa chaja, toa mkanda, inabaki laki tano na kumi. Yeye anataka laki mbili na themanini. Nikamkaba mpaka mbili na nusu. Nikarudi nyumbani natembea kwa madaha. Ile tofauti ya laki mbili na sitini nilijua kabisa ni malipo ya ujanja wangu. Mama nikamrudishia laki na nusu siku ile ile, akafurahi, akasema nina akili ya biashara.

Wiki tatu nilikula bata. Nikaiformati ile kadi, nikapiga pati, nikapiga machweo kwenye mawe, nikapiga warembo wa Malimbe wakajaa humu kwenye blogu, na mlipenda wenyewe. Mpaka usiku mmoja nikafuta kwa bahati mbaya picha za shughuli niliyokuwa nimelipwa elfu arobaini. Nikachanganyikiwa. Mshkaji mmoja akanielekeza programu ya bure inaitwa PhotoRec, inafufua picha zilizofutwa. Maana kumbe kuformati kadi hakufuti picha. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Kurasa zenyewe zipo mpaka uandike juu yake.

Picha zangu zikarudi. Halafu zikaanza kuja ambazo sio zangu.

Harusi. Ukumbi, keki, kamati wamevaa sare ya kijani. Mia nne na kitu. Mshereheshaji namjua, na wewe kama unakaa Mwanza unamjua, sauti yake tunaisikia kila wiki. Nikon huandika pia namba ya kamera ndani ya picha, nikailinganisha na ile iliyobandikwa chini ya kamera yangu. Ni moja. Kamera niliyoishika ndiyo iliyopiga harusi ile, na hakuna mpiga picha wa harusi anayeuza kamera na kazi ya watu ikiwa bado ndani.

Sasa sikilizeni tamaa ya binadamu. Kwenye meza moja ya nyuma nikamwona staa. Wimbo wake umepigwa kila daladala ya Nyegezi mwaka mzima. Ameshikana mkono na mtu ambaye sio yule tunayemjua sisi. Sikuwaza mwenye kamera, wala maharusi. Nilifungua blogu nikaandika kichwa cha habari, "KIMENUKA", kwa herufi kubwa. Posti ile ingeleta watu kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikaihifadhi bila kuirusha, nikasema nalala kwanza. Usingizi haukuja.

Asubuhi nikapita kwa mzee mmoja jirani yetu, askari mstaafu, yuko chini ya mwembe wake na redio. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia kuna rafiki yangu amenunua kitu mkononi mwa mtu, bei nzuri, sasa anaona kama kina mwenyewe.

Mzee akacheka. "Huyo rafiki yako amekuja na viatu vyako?"

Nikanyamaza. Akaniambia, "Kazini nimeona vijana wakiulizana bei ya bastola kama wanaulizia suruali ya mtumba. Hii inazunguka vizuri, ile ina kutu, hii ghali, ile rahisi. Mimi nawaambia, bastola haina bei kwa mtu wa barabarani. Bastola ina namba. Namba ina leseni, leseni ina jina la mtu, na kuna sheria ya silaha ya mwaka 2015 inayosema nani anaruhusiwa kuishika. Anayekuuzia bila jina hakuuzii bastola, anakuuzia kesi. Hata iwe nzima namna gani, hata akupe kwa elfu kumi, umepigwa."

Akapunguza redio. "Kamera haihitaji leseni. Lakini namba inayo. Wewe uliuliza ni nzima? Uliuliza ni ya nani?"

Kuwa nzima niliuliza mara nne. Ya nani sikuuliza hata mara moja.

Nikamtafuta yule mshereheshaji. Nilidhani atanipuuza, lakini nilipomtumia picha moja ya keki alinipigia ndani ya dakika. Akasema, "Kaka, usifute kitu chochote. Usiiguse hiyo kadi."

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mpiga picha alitoka ukumbini usiku kwa bodaboda, wakamsimamisha njiani, wakakata mkanda shingoni, wakaondoka na kamera. Alienda polisi akaandikisha, akapata RB. Maharusi hawakumwamini. Waliona ameharibu kazi anatunga hadithi. Maneno yakaenea, harusi mbili zilizokuwa zimembuki zikaghairi, na ilibidi arudishe malipo ya watu, laki tatu, kwa kuuza kompyuta yake.

Tulikutana kwa bwana harusi. Mpiga picha alikuja na boksi la kamera, namba iko ubavuni. Tukalinganisha, hakuna aliyesema neno. Halafu tukafungua picha. Bi harusi akazipitia taratibu akafika kwa bibi yake, aliyeletwa na kivuko kutoka Ukerewe, amekaa kwenye kiti anapiga vigelegele mdomo wote wazi. Bibi alifariki miezi miwili baada ya harusi. Hawakuwa na picha nyingine ya siku ile zaidi ya za simu zenye giza. Alilia pale sebuleni, na mume wake akamgeukia mpiga picha akamwomba radhi mbele yetu wote.

Mimi nilikuwa nataka kujisikia shujaa. Ndipo akauliza, "Na za kanisani?"

Za kanisani hazipo. Kadi ikishaformatiwa, picha mpya huanza kukaa mwanzoni, na mwanzoni ndiko kulikokuwa na kanisa. Pete, viapo, baba kumkabidhi binti. Juu yake mimi nimepiga pati ya wanachuo na machweo. Ilibidi nimweleze hivyo hivyo. Aliniangalia, akasema ahsante kwa hizi zilizobaki. Ningependa kama angenitukana.

Polisi tulienda mimi, mpiga picha na yule mzee wangu. Niliandika maelezo saa nzima. Namba ya simu ya muuzaji haipatikani mpaka leo. Kamera ikarudi kwa mwenyewe, laki mbili na nusu yangu ikaenda. Mpiga picha alinipa elfu hamsini ya shukrani. Ningewaambia niliikataa, lakini niliipokea, nikampa mama, nikamweleza yote. Alikaa kimya, akasema, "Kumbe ile akili ya biashara ilikuwa ya nani?"

Sasa hivi nina D3200 nyingine. Nimeitafuta miezi saba. Laki tano na ishirini, shata elfu hamsini na moja, lenzi ina vumbi kidogo. Ukiilinganisha na ile ya kwanza ni mbovu zaidi na ghali mara mbili. Lakini ina boksi, namba zinafanana, muuzaji alinionyesha picha zake za zamani zilizopigwa na kamera hiyo hiyo, na tuliandikishiana hati ya mauziano kwa mjumbe, kila mtu na nakala ya kitambulisho cha NIDA. Nilipolipa sikujisikia mjanja hata kidogo. Usiku nikalala.

Kwa hiyo wanangu, iwe kamera, simu au pikipiki, kata kasoro kama fundi alivyonifundisha. Ila ukimaliza na bado bei inakuchekea, jua hiyo tofauti kuna mtu alishailipa kabla yako.

Picha ya staa niliifuta, na rasimu ya KIMENUKA nayo nimefuta. Alikwenda harusini kama mgeni, na picha ile haikuwa yangu.

Hebu nambieni hapo chini: wewe umewahi kununua kitu ukaja kugundua kina mwenyewe? Ulifanyaje? Semeni ukweli, hatutaji majina.