Tumbo na Jicho

Watu wengi huugawa mwili kama mashamba ya wenyewe mbalimbali: tumbo na mambo yake, jicho na mambo yake. Mimi nimeishi miaka 12 na ugonjwa wa kuvimba kwa utumbo, nao umenifunza kwamba mipaka hiyo haipo.

Ugonjwa huu una sura mbili kubwa. Wa kwanza waitwa Crohn, kwa jina la daktari Burrill Crohn wa New York, aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Wa pili hutia vidonda katika utumbo mpana. Ajabu ni kwamba miaka saba kabla ya hapo, mwaka 1925, Crohn alikwisha kuandika habari za wagonjwa wa vidonda hivyo walioshikwa na maradhi ya macho.

Njia itokayo tumboni hata jichoni ni damu. Utumbo ukivimba, damu huwa rahisi kuganda. Nyuma ya jicho pana utando upokeao nuru, uitwao retina, wenye mishipa myembamba kama nyuzi. Bonge la damu likiziba mshipa uondoao damu, damu hufurika utandoni. Likiziba mshipa uletao damu, utando hukosa oksijeni ukaanza kufa. Pengine kuta za mishipa zenyewe huvimba. Misiba hii ni nadra, lakini haibishi hodi, kwani mara nyingi haina maumivu.

Asubuhi moja nikisoma, kivuli kilifunika nusu ya ukurasa kwa jicho langu la kushoto. Sikusikia uchungu wowote. Siku ile ile daktari alinichungulia kwa chombo ambacho asili yake ni kazi ya Mjerumani Hermann von Helmholtz, mwaka 1851. Kisha akaniuliza habari za choo! Nikamwambia kwamba tumbo lilikuwa limeamka tena na damu ilikuwa ikitoka. Akamwita mwenziwe, tabibu wa matumbo, wakanitibu pamoja. Sehemu ya nuru ilirudi, sehemu haikurudi.

Enyi vijana, mficha ugonjwa kifo humuumbua. Nuru ya jicho ikipungua ghafla, hata pasipo maumivu, mwendeeni daktari siku hiyo hiyo, wala msione haya kumtajia tumbo mbele ya jicho. Mwili ni nyumba moja. Moshi wa jikoni huonekana darini.