Jogoo na Taa ya Chemli

Hivi kiongozi ambaye watu wamemchoka anaweza kupona baada ya kura kumwendea vibaya? Vijiweni swali hili tunalimaliza haraka. Mmoja atasema haiwezekani, kura ikishasema imesema. Mwingine atacheka, atasema kura ni karatasi tu, mwenye bunduki ndiye mwenye nchi. Mimi nimekulia Kyela, na kwetu swali hili lina jibu la karibu, maana lilijibiwa hapo ng'ambo ya mto, na ndugu zetu walikuwemo kwenye jibu lenyewe.

Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu, nieleze kidogo. Kyela ni tambarare ya mpunga na kakao, juu kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mashariki kuna milima ya Livingstone, na magharibi kuna Mto Songwe, ambao ndio mpaka wetu na Malawi. Huo mto haujatulia. Mvua kubwa zikija unakata kona mpya, na shamba la mtu wa Kyela linaamkia upande wa pili. Watu nao ni hivyo hivyo. Mnyakyusa wa huku na Mngonde wa Karonga wanasalimiana kwa lugha moja, wanaoana, wanazikana. Ukipanda gari Kasumulu asubuhi, mchana umeshakula samaki Karonga na kurudi.

Shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa huko mwishoni mwa miaka ya sabini. Kwa hiyo nilipokuwa mdogo, Malawi kwangu haikuwa nchi ya nje. Ilikuwa kwa shangazi.

Sasa, mwenye nchi wakati huo alikuwa Dakta Hastings Kamuzu Banda. Nchi ilipata uhuru mwaka 1964 yeye akiwa waziri mkuu, akawa rais mwaka 1966, na mwaka 1971 akafanywa rais wa maisha. Wa maisha, ndugu yangu! Alipiga marufuku suruali na sketi fupi kwa wanawake, na nywele ndefu kwa wanaume. Ziwa lote alisema ni lake hadi kwenye mchanga wetu, kwa hiyo kwa hesabu zake, ukiogelea Matema ulikuwa umeshaingia Malawi bila pasipoti.

Hayo tunayasimulia kwa kucheka. Yaliyokuwa hayachekeshi ni kadi ya chama. Bila kadi ya Malawi Congress Party hupandi basi, huingii sokoni. Vijana wa Young Pioneers walisimama milangoni kukagua. Shangazi alikuwa na yake, kaifunga kwenye kitambaa pamoja na hela. Baba anasimulia kwamba hata alipokuja Kyela msibani, ukimuuliza habari za Banda alitazama mlango kwanza. Yuko Tanzania, kwa kaka yake, nyumba imejaa ndugu, lakini anatazama mlango! Halafu anajibu, "Tuko salama," na kuomba maji ya kunywa.

Na alikuwa na sababu. Orton Chirwa, waziri wa sheria wa zamani aliyekimbilia kwetu Tanzania, alikamatwa pamoja na mkewe Vera mwaka 1981. Orton akafia gerezani Zomba mwaka 1992. Jack Mapanje, mwalimu wa chuo kikuu na mshairi, alikaa ndani bila mashtaka kuanzia 1987 hadi 1991. Kama mshairi anafungwa, mama wa kijijini asemeje?

Mambo yakaanza kugeuka mwaka 1992. Mwezi Machi maaskofu wa Kikatoliki waliandika barua, ikasomwa makanisani nchi nzima, wakiyasema waziwazi yale ambayo watu waliyanong'ona. Mwezi Aprili Chakufwa Chihana, mwana wa kaskazini na kiongozi wa wafanyakazi, alirudi nchini kudai vyama vingi, akakamatwa pale pale uwanja wa ndege. Wafadhili wakafunga mifuko yao. Mzee akabanwa, akakubali kura ya maoni: je, mnataka chama kimoja au vyama vingi?

Tarehe 14 Juni 1993 watu wakapiga kura. Alama zilikuwa mbili. Jogoo mweusi ni chama kimoja, taa ya chemli ni vyama vingi. Mwanzo serikali ilitaka masanduku mawili, ili mtu aonekane anatumbukiza wapi. Umoja wa Mataifa ukashikilia liwe moja, ikawa hivyo. Jamani, hilo sanduku moja msilidharau. Kwa mtu kama shangazi, aliyezoea kutazama mlango, sanduku moja lilikuwa na maana kuliko hotuba zote.

Taa ikashinda, karibu asilimia 65. Jogoo akaambulia 35 na kidogo.

Shangazi alisimulia baadaye kwamba yeye alichagua taa akiamini yuko peke yake mtaani kwao. Majirani wote walikuwa na kadi, wote walicheza ngoma za chama na kuimba sifa za mzee. Kumbe kila mmoja alikuwa anajiona yuko peke yake! Matokeo yalipotoka, na kaskazini nzima ikaonekana imemkataa jogoo, alikwenda kisimani akakuta wanawake wanatazamana na kucheka tu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake alichagua nini. Hakukuwa na haja tena.

Basi utasema Banda alifungasha virago kesho yake. Wapi! Wapinzani walimtaka ajiuzulu, iundwe serikali ya umoja. Akakataa. Alikubali matokeo, vyama vikaruhusiwa, lakini kiti hakuachia. Kura, kwa maelezo yake, ilihusu mfumo, haikumhusu yeye. Kwa hiyo jibu la kwanza la swali letu ni hili: ndiyo, kiongozi aliyekataliwa na karibu theluthi mbili anaweza kuamka kesho yake bado ni rais. Banda aliamka hivyo kwa miezi 11.

Ila miezi hiyo haikuwa kama miaka iliyotangulia. Mwezi Oktoba alipelekwa Afrika Kusini kupasuliwa kichwa. Bunge likafuta urais wa maisha. Mwezi Desemba jeshi likawanyang'anya Young Pioneers silaha zao. Wale vijana wa milangoni wakala kona, wengine wakakimbilia nje ya nchi. Mzee alibaki kwenye kiti, ila vile vilivyokuwa vimekishikilia kiti vilianguka kimoja kimoja. Na vilianguka kwa sababu kila mtu alishaijua ile asilimia 65. Askari anayejua kwamba mtaa mzima umemkataa bosi wake hapigi tena kama zamani.

Hapa nataka tufanye hesabu kidogo, maana ndiko kwenye kasheshe yenyewe.

Desemba 1992, miezi michache kabla ya jogoo na taa, Kenya walipiga kura ya vyama vingi. Daniel arap Moi alipata asilimia 36 hivi. Matiba akapata 26, Kibaki 19, Odinga 17. Jumlisha hao watatu. Karibu theluthi mbili ya wapiga kura hawakumtaka Moi, sawasawa na Banda. Lakini Moi aliapishwa, na akakaa Ikulu miaka 10 zaidi, mpaka 2002. Banda na asilimia zile zile akawa anahesabiwa siku.

Kwa nini? Kwa sababu Wamalawi waliulizwa ndiyo au hapana, na "hapana" zote ziliingia upande mmoja. Wakenya waliulizwa nani, na "hapana" zao zikagawanyika mafungu matatu. Wapenzi wa Moi hawakuwa wengi kuliko wapenzi wa Banda. Waliomkataa Moi ndio hawakukubaliana.

Halafu Malawi nao wakaulizwa nani. Tarehe 17 Mei 1994 Bakili Muluzi alipata asilimia 47, Banda 33, Chihana 19. Ona hapo: Banda kutoka 35 amefika 33. Waliompenda karibu wote walibaki naye, hasa mikoa ya kati alikotoka. Kaskazini ikampa Chihana, kusini yenye watu wengi ikampa Muluzi. Kama kusini ingekuwa na wagombea wawili wenye nguvu wanaogombania zile 47, mzee angeweza kurudi Ikulu na theluthi yake, kihalali kabisa, kama Moi. Aliyemwokoa Moi ndiye aliyekosekana kwa Banda, na huyo ni ugomvi wa wapinzani.

Banda alikubali kushindwa, akaondoka. Mwaka uliofuata alishtakiwa kwa vifo vya wanasiasa wanne waliouawa Mwanza ya Malawi mwaka 1983, mahakama ikamwachia. Akafariki mwaka 1997. Wakati ule ule, huku kwetu tulikuwa na hesabu ya kinyume. Tume ya Jaji Nyalali ilikuta asilimia 80 wanataka chama kimoja kiendelee, asilimia 20 wanataka vingi, na vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1992. Aliyekuwa na 80 akawasikiliza wale 20. Aliyekuwa na 35 hakutaka kuwasikiliza 65. Namba peke yake haitoshi kukwambia kiongozi atafanya nini.

Wamalawi hawakuishia hapo. Mwaka 2014 Rais Joyce Banda, ambaye si ndugu wa mzee yule, aliona kura zinamwendea kombo akatangaza uchaguzi umefutwa. Mahakama ikamkatalia. Alimaliza wa tatu, asilimia 20, akaenda zake. Mwaka 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38 na ushee. Februari 2020 majaji wakaufuta uchaguzi ule, wakasema pia kwamba mshindi lazima avuke nusu. Ule mlango wa theluthi ukafungwa. Ukarudiwa mwezi Juni, Lazarus Chakwera akashinda kwa karibu asilimia 59. Na Septemba 2025, maisha yakiwa magumu na mafuta ya shida, Chakwera naye akaangushwa na Mutharika yule yule, 33 kwa 56. Alikubali kushindwa saa chache kabla ya matokeo kutangazwa rasmi.

Kwa hiyo tunapobishana kijiweni kama mzee fulani, wa nchi yoyote, atapona au hatapona, mimi siku hizi siulizi anapendwa na wangapi. Nauliza mambo matatu. Wanaomkataa wanajuana? Wamekubaliana juu ya mtu mmoja, au kila mmoja anautaka urais yeye? Na sheria inamruhusu kushinda na theluthi? Jibu la Banda na la Moi liko humo.

Kwa sisi tunaojifunza kuandika, lile swali la kwanza linatuhusu zaidi. Woga wa shangazi ulikuwa na nguvu kwa sababu hakujua kama jirani yake anaogopa vile vile. Maaskofu walivunja hilo kwa barua moja. Mapanje alifungwa kwa sababu mashairi nayo yanaweza kufanya kazi hiyo, na wakubwa walilijua hilo kabla yetu.

Shangazi sasa ni mtu mzima sana. Mwaka jana nilimwuliza ile kadi iko wapi. Akasema aliitumia kuwashia moto siku ya mvua, kuni zilikuwa mbichi. Nikamwuliza siku gani, mwaka gani. Hakumbuki. Na mlango ulikuwa wazi, wala hakuutazama.