Kikulacho ki Nguoni Mwako

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Daktari Thomas Platts-Mills, profesa katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, aliuonja ukweli wa maneno hayo kwa ngozi yake mwenyewe.

Mwezi wa Agosti mwaka 2007 alikwenda kutembea katika milima ya Blue Ridge. Aliporejea alikuta miguu yake imejaa kupe wachanga, wadogo mno. Miezi mitatu baadaye, akiwa London, alikula nyama ya kondoo jioni, akalala salama. Usiku aliamka mwili umemvimba vipele vya kuwasha.

Yeye na wenzake walikuwa tayari wakichunguza jambo lililofanana na hilo. Baadhi ya wagonjwa wa saratani kusini mwa Marekani walikuwa wakidhurika vibaya mara wadungwapo dawa moja mpya. Ikabainika kwamba miili yao iliikataa sukari iliyomo katika dawa hiyo, iitwayo alfa-gali. Sukari hiyo imo pia katika nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Haimo katika kuku wala samaki, wala katika mwili wa binadamu.

Mwaka 2011 wataalamu hao walitangaza kwamba chanzo ni kupe. Mate yake huufunza mwili wa baadhi ya watu kuihesabu sukari hiyo kuwa adui. Tangu siku hiyo walinzi wa mwili hukaa macho, na nyama iingiapo hupigana vita vinavyoiumiza nyumba yenyewe. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilikadiria kuwa huenda watu 450,000 wamepatwa na hali hiyo tangu mwaka 2010. Nako Afrika Kusini, katika vijiji vya Mqanduli, wagonjwa wa namna hii wameonekana, wengi wao wakilalamikia tumbo.

Hila ya ugonjwa huu ni kuchelewa kwake. Maudhi huanza saa mbili hadi sita baada ya kula, watu wakiwa wamelala. Mume aliyekula vizuri huzinduka akijikuna, akitapika, au koo likimbana. Je, atamshuku nani? Ni rahisi kumtazama mkewe kwa jicho baya, au kumtaja jirani kuwa ameweka sumu. Nyumba ngapi zaweza kuvunjika kwa kosa la mdudu!

Wafugaji wetu humjua kupe kwa ndigana kali inayoua ng'ombe. Inafaa sasa wamkague na miilini mwao. Askari atokaye doria porini achomeke suruali ndani ya soksi, na arudipo ajitazame kwapani, kinenani na nyuma ya magoti; mama naye awakague watoto. Kupe aliyenata ashikwe kwa kibano karibu na ngozi, avutwe polepole bila kupindwa, kisha mahali hapo paoshwe kwa sabuni. Asichomwe moto wala kupakwa mafuta.

Si kila aumwaye na kupe huikosa nyama maishani. Lakini anayeugua usiku kila alapo nyama amweleze daktari habari zote, za chakula na za kupe. Koo likibana au pumzi ikipungua, akimbizwe hospitali usiku huo huo. Na kabla ya kumshitaki mpishi, mtu na aitazame miguu yake.