Mizani Sawa, Sauti Mbili

Mkwaja, kusini mwa mji wa Pangani, swala ya magharibi imekwisha na upepo wa bahari umetulia. Kijana ameketi barazani na bibi yake, mbele yao hedifoni mbili: moja nzito, ya kufunika sikio zima, nyingine ndogo, ya kutia tunduni, ya bei ya gengeni. Ndani ya simu imo sauti ya Siti binti Saad, iliyonaswa Bombay mwaka 1928 kwa santuri za HMV.

Ile nzito yamwelemea bibi kichwa. Basi tangu mchana kijana amejitahidi kuifanya ndogo iseme kama kubwa. Amefungua kisawazisha sauti cha simu, akapandisha besi, akapunguza ukali, hadi masikioni mwake zikakaribiana.

Kazi hiyo si bure. Aghalabu tofauti kubwa baina ya hedifoni mbili ni kiasi cha besi na cha ukali, na kiasi hurekebishika. Ila kiwambo dhaifu kikilazimishwa besi kisichoiweza hukwaruza. Hedifoni ya tunduni ikikaa kombo, besi huvuja. Na katika sauti nyembamba za juu, umbo la sikio lenyewe hugeuza kile linachopokea, hata vipimo vya mmoja visimfae mwenziwe.

Wapenzi wa ushairi hawatastaajabu. Beti mbili huweza kutimiza mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vikaafikiana, na bado moja ikamgusa msikilizaji, nyingine ikampita.

Kijana akamtia bibi hedifoni. Bibi akasikiliza kitambo, akatikisa kichwa.

“Mjukuu wangu, mbona huyu anaimbia ndani ya mtungi? Maneno siyapati.”

“Lakini bibi, nimezilinganisha sawasawa.”

“Kwa sikio la nani?”

Kijana akanyamaza. Uzee huanza kunyang’anya sauti nyembamba, zile zinazotenga herufi na herufi. Naye ndizo alizozipunguza. Akamshika bibi kidole, akakiweka juu ya kioo cha simu, akamwonyesha pa kusukuma. Bibi akapandisha ukali, akapandisha tena, mpaka sauti iliyovuja ikamchoma kijana masikio.

“Hapo,” bibi akasema, akaanza kufuatisha kwa sauti ya chini.

Kijana hakugusa kitu.