Fungu la Mali

Neno "hasi" lina sifa mbaya. Mtazamo hasi, matokeo hasi, maoni hasi. Hata kwenye hesabu tulilizoea kama upungufu: baridi iliyo chini ya sifuri, deni dukani kwa Mangi. Mtoto akikutana na 2⁻³ kwa mara ya kwanza, ana kila sababu ya kuandika −8. Amelitii neno.

Binti wa dada yangu aliandika hivyo alipokuwa kidato cha pili, mtihani wa taifa ukiwa umekaribia, na kuufeli ni kurudia darasa. Daftari lake lilikuwa safi kuliko langu lolote la shule. Kanuni ya vipeo hasi ilikuwa imenakiliwa kwa Kiingereza na kupigiwa mstari mwekundu kwa rula. Aliisema yote bila kuvuta pumzi. Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili.

"Mjomba, hiyo kwa Kiswahili hatujafundishwa."

Miaka saba ya shule ya msingi alijumlisha na kugawanya kwa Kiswahili, kisha lugha ikabadilishwa. Mjadala huo una wasemaji wengi, sitauingia. Tulichukua karatasi tu. 2³ ni 8, 2² ni 4, 2¹ ni 2. Kila ukishuka ngazi moja unagawanya kwa 2, kwa hiyo 2⁰ ni 1. Nikamwambia aendelee kushuka. Nusu. Robo. Thumuni.

"Mbona haijawa hasi?"

Swali lenyewe hasa! Alama ile inaonyesha upande wa kwenda. Haisemi kwamba kilichopo kimegeuka kuwa deni. Unaweza kushuka ngazi hizo mpaka uchoke, utapata vipande vidogo na vidogo zaidi, wala hutaigusa sifuri.

Kuna mtu aliyeliona jambo hili vizuri katika karne ya 12. Al-Samaw'al, mzaliwa wa Baghdad, aliandika kitabu chake cha aljebra, al-Bahir, akiwa na miaka 19. Katika jedwali lake moja ilikaa katikati, vipeo vikipanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Wanahisabati wa Kiarabu waliiita x "shay", yaani kitu, na x² wakaiita "mal". Ndiyo hii hii mali yetu. Na kile tunachoandika leo x⁻², wao walikiita "juz" ya mal, neno lililotupatia juzuu. Sehemu ya mali. Fungu la mali! Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu: maneno yote mawili yalikuwa nyumbani kwetu siku zote, moja kwenye ugomvi wa urithi, jingine chuoni.

Nilimpa binti fungu hilo, kisha tukarahisisha 6x⁻³y² gawanya kwa 2xy⁻¹. Sita kwa mbili, tatu. x⁻³ ni fungu, yaani tayari imegawanywa kwa x mara tatu. Chini ya mstari ipo x nyingine inayogawanya mara ya nne. Basi x⁴ inakaa chini. Ile y⁻¹ ya chini ilimsumbua kidogo, mpaka alipokumbuka kwamba kugawanya kwa nusu ni kuzidisha kwa mbili. Ikapanda, ikaungana na y². Jibu: 3y³/x⁴.

Kwenye 5x⁻² hakuishusha 5, kosa ambalo wengi hulifanya. Nilimuuliza kwa nini ameiacha juu. "Mafungu matano, mjomba. Tano si ya kukatwa."

Alifanya mengine manne bila kuniangalia. Kisha akarudi kwenye ile kanuni yenye mstari mwekundu, akaandika "fungu" pembeni, kwa herufi ndogo na kwa penseli, ili aweze kulifuta siku mwalimu atakapokusanya madaftari.