Dira ya Kiganjani

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mlimani kauli hii huonekana kwa macho, kwani kifaa kikisema uongo wa mita 300 tu, msafiri huweza kujikuta ukingoni mwa genge huku akiamini kwamba yumo njiani. Kwa hivyo uteuzi wa kifaa kidogo cha GPS cha kubebwa mkononi hauwi suala la fahari wala la kufuata mkumbo. Huwa suala la uhai.

Mweka hazina wa chama cha wapanda milima katika chuo kikuu kimoja nchini Kenya alilitambua hilo alipokabidhiwa michango ya wenzake ili awanunulie kifaa cha aina hiyo kabla ya safari ya Mlima Kenya. Kila shilingi ya mchango huo ilikuwa imekatwa kwenye pesa za chakula. Fauka ya hayo, ilikuwa na historia. Muhula uliotangulia, ukungu uliwashukia wanachama katika nyanda za juu za Nyandarua, mmoja wao akaachwa nyuma na kukesha peke yake kwenye baridi. Alipatikana asubuhi akiwa hai, ila hakutia mguu tena mlimani.

Wanachama waligawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza lilishikilia kwamba simu inatosha, maadamu hupokea mawimbi ya setilaiti hata pasipo mtandao, mradi ramani iwe imehifadhiwa mapema. Mweka hazina hakulipinga hilo. Aliuliza tu kitakachotokea saa tisa za usiku, wakati ambapo wapandaji wengi huwa safarini kuelekea Lenana, kilele cha mita 4,985, ili wawahi macheo. Baridi ya huko hudhoofisha betri, kioo kilicholowa hakitii kidole, na mkono uliovuliwa glavu hufa ganzi.

Kundi la pili lilitaka kifaa kikubwa chenye kioo kipana cha kugusa na kamera. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kundi la tatu lilisema hakuna haja ya kifaa chochote: je, mwaka 1943 wafungwa watatu Waitalia hawakutoroka kambini Nanyuki na kuupanda mlima huo huo, wakiwa na mchoro wa mlima uliokuwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama, na wawili wao wakafika Lenana? Mweka hazina alijibu kwamba historia huwasifu waliorudi. Waliopotea huwa hawana wa kuwasimulia.

Ili apime vyema, alianza na misingi. Setilaiti za GPS, ambazo ni mali ya Marekani, huizunguka dunia zikiwa takriban kilomita 20,200 juu yetu. Kila moja hutangaza mahali ilipo na wakati uliopo. Kifaa hupima muda ambao mawimbi yametumia safarini na kuugeuza kuwa umbali. Setilaiti tatu zingetosha kutambua mahali, lakini saa ya kifaa cha mkononi si kamilifu, kwa hivyo ya nne huhitajika ili kuisahihisha. Hadi Mei 2000, Marekani iliyapotosha kimakusudi mawimbi ya raia, hata kosa likaweza kufika mita 100. Upotoshaji huo ulipokomeshwa, ndipo kifaa cha kiganjani kikawa mwenzi wa kuaminika. Hata hivyo, mawimbi hugonga majabali na kurejea yakiwa yamechelewa. Ndiyo sababu kifaa kinachopokea pia setilaiti za mataifa mengine, kama vile GLONASS ya Urusi au Galileo ya Ulaya, hufaa zaidi mabondeni.

Alivutiwa na Garmin eTrex 22x, iliyotoka mwaka 2019. Uzito wake ni takriban gramu 142 pamoja na betri. Huendeshwa kwa vitufe, hupokea GPS na GLONASS, na hutumia betri mbili ndogo za kawaida, zile zinazouzwa madukani kwa ajili ya kurunzi, ambazo mtengenezaji anasema hudumu saa 25. Ndugu yake, 32x, ana dira inayofanya kazi hata mtu akiwa amesimama, pamoja na kipimo cha mwinuko kitumiacho kanieneo ya hewa. Mweka hazina aliona kwamba dira ya kawaida ya sumaku ingeziba pengo hilo kwa bei nafuu.

Hali kadhalika, aligundua kwamba hatari kubwa haimo ndani ya kifaa. Ramani za karatasi za Kenya za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS84. Asiyeupatanisha msingi wa kifaa na wa ramani hukosea kwa karibu mita 300. Aidha, Ikweta hupita kaskazini mwa vilele. Batian iko dakika 9 kusini. Atakayeandika kaskazini badala ya kusini atawatuma waokoaji umbali wa kilomita 33 kutoka alipo majeruhi.

Bado swali moja lilimkera. Usiku ule wa Nyandarua, kiongozi angekuwa na kifaa bora kuliko vyote duniani, je, aliyeachwa nyuma angeokoka na baridi? La. Kifaa hujua kilipo chenyewe, hakihesabu watu. Kifaa kikiwa mbele ya msafara, wa nyuma hubaki kipofu.

Basi akalitupilia mbali pendekezo la kifaa cha fahari, akanunua viwili vya kawaida, kimoja cha kiongozi na kingine cha mtu wa mwisho, vyote vikiwa na njia ile ile na msingi ule ule wa vipimo. Pesa zilizosalia zikanunua ramani, dira na firimbi kwa kila mwanachama. Wapo walionung'unika kwamba chama kingepigwa picha na vifaa duni. Yule aliyekesha Nyandarua alipopata habari, aliuliza nani atakayekuwa wa mwisho katika msafara. Alipoambiwa kwamba hajateuliwa, akaomba kazi hiyo apewe yeye.